Injini Peke Yake

Kampala, 3 Machi 2025

Shemeji Albino,

Salamu kutoka Ndeeba. Sisi huku wazima, mvua inatunyeshea kama kawaida yake. Natumaini wewe, Resty na watoto hamjambo katika hilo tanuri mnaloliita Juba.

Dada yangu Resty amenipa amri. Amesema mimi na wewe tusipigiane simu tena, kwa kuwa kwenye simu tunatukanana mpaka watoto wanakimbilia nje. Tuandikiane, na barua zipelekwe na basi. Anasema mtu anayeandika hupata nafasi ya kuona aibu. Haya, naandika. Aibu bado sijaiona.

Nimesikia umeagiza kutoka Dubai gari la Kimarekani, silinda nane, rangi ya chungwa, lile la kunguruma kama simba mwenye njaa. Sina neno. Mwanaume mwenye malori ya kuuza maji ana haki ya kujichekesha. Lakini nimesikia pia kwamba kijana fulani wa Dubai amekutumia programu kwa mtandao, ukaiingiza kwenye kompyuta ya gari, na sasa unatangaza mtaa mzima wa Hai Jalaba kwamba umetuni injini, umeiongezea nguvu. Injini peke yake! Breki zile zile, matairi yale yale, dereva yule yule.

Nisikilize, ingawa kusikiliza si kazi yako. Injini ya siku hizi imeshakamuliwa na walioiunda. Maziwa yamekwisha. Programu yako itakuongezea nguvu za punda mmoja na nusu, basi, na hata huyo punda anataka petroli safi, si hiyo ya madumu mnayouziwa kando ya barabara. Itaanza kugonga ndani kama nyundo, halafu itatoboka. Naipa mwezi mmoja. Na ukishindana na gari kama hilo ambalo halijaguswa, hutalipita hata kwa urefu wa boneti.

Kitu kimoja tu ndicho programu hiyo inafanya kweli: inaondoa kizuizi cha mwendo. Kiwandani waliufunga mwendo kwa sababu ya matairi waliyoyaweka. Wewe umefungua mlango bila kuuliza kwa nini ulifungwa.

Rudisha programu ya kiwandani. Au endelea, utuchekeshe.

Shemeji yako,
Lubega


Juba, 16 Machi 2025

Shemeji Lubega,

Salamu zako nimezipokea, zile chache zilizokuwa na utamu. Sisi hatujambo. Joto lipo, lakini bado halijaua mwenye akili. Resty anakusalimu sana. Watoto wanauliza mjomba wao atakuja lini, nikawaambia mjomba ameacha ufundi, siku hizi ni mtabiri.

Barua yako imezunguka mji. Niliisoma kwa sauti dukani kwa Mathiang, yule muuza vipuri wa Hai Jalaba. Lilikuwa kosa langu, kwa sababu Mathiang ana gari kama langu, la mwaka mmoja na langu, ambalo halijaguswa. Alicheka mpaka akaegemea kaunta. Akasema, "Hata shemeji yako mwenyewe anasema programu yako ni kalam faadi, maneno matupu!" Sasa nikipita sokoni wananiita Punda na Nusu.

Tumekubaliana kushindana, yeye na mimi, Jumapili inayofuata Pasaka, asubuhi, kwenye lami ya barabara ya Nimule.

Na mimi nikwambie kitu. Tangu nilipomposa Resty unanitazama kama mnunuzi anayezunguka gari lililowahi kupinduka. Siku nilipokuja kwenu kujitambulisha, ulimuuliza mbele ya masenga, shangazi zenu, kama wanaume wa Kiganda wamekwisha. Ulidhani sielewi. Nimekulia Bweyale, huko huko Uganda, Lubega, nimesoma kwenu, nimekula matoke yenu. Nilielewa. Miaka yote hiyo nimekujibu kwa Kiswahili kwa sababu Kiluganda changu nakihifadhia watu wenye adabu.

Injini inakwenda vizuri sana. Asante kwa kuulizia.

Shemeji yako,
Albino


Kampala, 2 Aprili 2025

Shemeji,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo.

Nimemwomba Resty anipigie picha ya ubavu wa matairi yako. Nimesoma namba za mwaka yalipotengenezwa. Matairi hayo yamezeeka, yamekaushwa na jua la Dubai kabla hayajaliona jua la Juba. Yanang'aa kwa sababu muuzaji aliyapaka rangi nyeusi, kama bibi harusi mzee.

Basi linaloleta barua hii limebeba matairi manne mapya, yanayofaa mwendo unaoutaka. Usinishukuru. Sikuyanunua kwa ajili yako. Nimeyanunua kwa ajili ya mwanamke ambaye, kwa sababu nisizozijua, alikubali kuketi kando yako maisha yake yote.

Yafunge. Halafu nenda ukashindwe salama.

Shemeji yako,
Lubega


Juba, 11 Aprili 2025

Shemeji Lubega,

Salamu. Wote wazima.

Matairi yako yanarudi kwa basi. Wauzie watu wanaohitaji huruma yako. Nikishinda na matairi hayo, utasema yameshinda matairi. Nikishindwa, utasema hata matairi hayakunisaidia. Nimekujua.

Mwezi wako umekwisha. Injini haijagonga hata mara moja.

Shemeji yako,
Albino


Kampala, 5 Mei 2025

Albino,

Leo nimekwenda kituo cha mabasi kuchukua mzigo. Dereva mmoja anayetoka kwenu alikuwa anasimulia wenzake habari za gari la rangi ya chungwa lililolala mtaroni kwenye barabara ya Nimule. Alisimulia huku anakula chapati. Alisema kulikuwa na mwanamke ndani.

Simu ya Resty haipatikani. Yako inaita, hupokei. Nimevunja amri yake, nimepiga tangu asubuhi.

Wewe ni mtu wa namna gani? Mimi nijue habari za dada yangu kutoka kwa mtu mwenye chapati mdomoni? Mkabidhi mwenye basi jibu. Neno moja linatosha. Yuko hai?

Lubega


Juba, 9 Mei 2025

Shemeji Lubega,

Yuko hai. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, unisamehe.

Amevunjika paja na nyonga. Wamempasua, wameweka vyuma. Hawezi kukaa. Simu yake ilisagika. Yangu nimekuwa nikiitazama ikiita jina lako, na mkono unakataa.

Nitakusimulia ilivyokuwa. Watu walikuwa wengi asubuhi ile, pande zote za lami. Mathiang alifika na wapambe wake, wakaanza kulia kama punda. Kwa kweli, Lubega, wanaume wazima, wameweka mikono masikioni, wanalia kama punda. Resty alikuwa amesimama kando na Rejoice, jirani yetu. Nikamwona anavuka, anafungua mlango, anaingia.

Nikamwambia, "Shuka."

Akasema, "Endesha."

"Resty, shuka, hii si safari ya kanisani."

Akafunga mkanda. "Nimesema endesha, Albino. Wanatutazama."

Nikaendesha. Nilimpita Mathiang mapema, nikamwacha mbali mpaka akawa kitu kidogo kwenye kioo. Urefu wa boneti, ulisema. Ungeweza kupanga malori yangu yote katikati yetu. Nikapita alama ya mwisho, na badala ya kulegeza mguu nikaukandamiza, kwa sababu nilitaka mtu fulani aliyeko Ndeeba asikie. Ndipo tairi la nyuma, upande wa Resty, lilipopasuka.

Gatluak, mtu aliyekuwa akichunga ng'ombe karibu na hapo, ndiye aliyefika wa kwanza. Aling'oa mlango kwa mikono. Alipokwisha kumtoa Resty akaniuliza, "Hiki kitu kinazimwaje?" Kwa maana injini ilikuwa bado inanguruma, Lubega. Gari limelala ubavu, mke wangu anapiga kelele kwenye nyasi, na injini uliyoipa mwezi mmoja inanguruma vizuri, bila kugonga. Sijawahi kuchukia sauti kama ile.

Mimi nina mchubuko kwenye kidevu tu. Andika utakalo.

Shemeji yako,
Albino


Kampala, 14 Mei 2025

Albino,

Umeniruhusu niandike nitakalo. Sawa.

Ulishinda. Hongera. Kwenye programu nilikosea, ina nguvu kuliko nilivyosema. Kwa hiyo nguvu ulikuwa nayo. Akili ya kuipeleka mahali hukuwa nayo, na hiyo hakuna kijana wa Dubai anayeituma kwa mtandao.

Mtafutie Resty nafasi ya ndege mara tu madaktari watakapomruhusu, umlete Kampala. Atauguzwa na watu wake. Wewe usije. Baki na kombe lako. Watoto nitawachukua shule zikifungwa.

Dada yangu aliolewa na wewe akiwa na miguu miwili mizima.

Lubega


Juba, 20 Mei 2025

Shemeji Lubega,

Salamu. Resty ameruhusiwa, tuko nyumbani Nyakuron. Analala sebuleni, watoto wamemzunguka kama vifaranga.

Nilimsomea barua yako. Nilitaka kuruka mstari wa mwisho, akaniambia, "Soma yote." Kisha akaniamuru niandike maneno yake kama yalivyo, nisipunguze. Haya hapa:

"Mwambie Lubega mimi si mzigo wa kupakiwa. Niliingia gari lile kwa miguu yangu, na niliingia kwa sababu ya barua zake. Soko zima lilikuwa linamcheka mume wangu kwa maneno ya kaka yangu. Nikaona nikisimama kando ya barabara pamoja na wanaocheka, na mimi nimecheka. Ndiyo maana nikavuka. Na wewe Albino usitabasamu, andika na hili: matairi yalikuwa mlangoni mwangu, mapya, ukayarudisha ili kumkomoa mtu aliyeko nchi nyingine, na mimi ndiye niliyekaa upande uliopasuka. Kila mmoja wenu alikuwa anamlenga mwenzake. Mimi ndiye niliyepigwa."

Nikamwuliza kama anataka kwenda Kampala. Akasema, "Siendi popote. Kama Lubega anataka kuniuguza, aje. Kunigeuza kitandani kunahitaji watu wawili, na wewe peke yako unaniumiza."

Ni kweli, namuumiza. Najitahidi, lakini namuumiza.

Sikuombi, Lubega. Nimeandika alichosema.

Shemeji yako,
Albino


Kampala, 26 Mei 2025

Shemeji Albino,

Hamjambo? Sisi hatujambo. Gereji nimemwachia mke wangu Shallon, ambaye wateja wanamwogopa kuliko mimi.

Barua hii nampa mwenye basi la leo. Mimi napanda la Alhamisi. Usije kituoni kunipokea, sitaki kusalimiana na wewe mbele za watu. Nyakuron nitafika mwenyewe.

Usidhani nimekusamehe. Bado nakuona mpumbavu, na ukinisimulia tena habari za yale mashindano nitatoka nje. Lakini kabla sijafika usimgeuze tena peke yako. Ngoja. Nitashika mabega, wewe utashika miguu, tutahesabu pamoja, taratibu.

Kitanda usinihangaikie. Nitatandika mkeka sakafuni upande wake wa kulia, ili akiniita usiku nimsikie.

Wewe lala upande ule mwingine.

Shemeji yako,
Lubega