Mbwa Aliyekuja na Isale

Mdogo wangu Elieza,

Mbwa nimemshinda. Watangazie wote hapo Vudee, uanze na wale walionicheka siku nateremka na mizigo, kwamba kaka yako amemtazama mbwa wa jirani mara moja tu, na tangu hapo hajakanyaga kwangu.

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naichukua kabisa, maana wewe kwa shikamoo ni mzito tangu utoto. Kifua chako kinaendeleaje na ukungu huo? Na shemeji, bado anakuvumilia? Mimi mzima. Magoti yananisumbua jioni, ila meno niliyobaki nayo yanafanya kazi yote. Usiniulize mbona sipandi kuwaona. Kwa miguu yako hapa Lembeni si mbali, kwa magoti yangu ni Ulaya.

Sasa nikwambie ukweli, maana hata kalamu inanionea haya. Huyo mbwa ninayesema nimemshinda amelala juu ya mguu wangu wa kushoto hivi sasa ninapokuandikia, na anakoroma.

Unajua sisi tumezoea nyumba iliyojificha kwenye migomba. Jirani unamjua kwa kikohozi, ukitaka kumwona unakwenda kumtafuta. Huku kijiji cha ujamaa nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule wakisubiri kukaguliwa kucha. Nikipiga chafya, wa nyumba ya pili ananiombea. Jirani yangu wa mkono wa kulia ni Masunga, mtu wa Shinyanga, alikuja zamani kukata mkonge, mkonge ukamchosha akaingia kijijini na mbwa wake. Mbwa anaitwa Bwana Shamba. Nilimuuliza kwa nini akampa jina hilo. Akasema, "Mzee, mtazame. Anaingia shamba la kila mtu, anatazama, anaondoka, jembe hashiki."

Nilicheka. Kumbe nilikuwa sijafikiwa.

Unamkumbuka yule tetea wa kishingo wa marehemu mke wangu. Kuku wote wa mama yule nimebaki na huyo mmoja. Siku ya kuhama nilimpakata kwenye basi, vyombo nikavirusha juu ya keria. Akataga, akaatamia jikoni nyuma ya mafiga, nami nikawa natembea kwa kunyata ndani ya nyumba yangu kama mwizi, nisimsumbue. Asubuhi moja natoka kuchota maji, narudi nakuta Bwana Shamba amekaa jikoni, mdomo wa njano, na tetea yuko juu ya boriti, mkia hana.

Nikaenda kwa Masunga. Nilikwenda na fimbo, lakini ya kutembelea.

"Mbwa wako amekula mayai yangu."

"Pole, Mzee. Lakini mbwa hajui mpaka."

"Basi nitamwonyesha."

"Nimfunge, nguruwe pori watakula mahindi yangu usiku. Na yako pia, maana yako ndiyo ya kwanza kutoka porini."

Hapo alisema kweli, kwa hiyo nikakasirika zaidi. Nikapanda masale. Vile vichipukizi nilivyotoka navyo kwenye mpaka wa baba, nikavipanga kati ya kwangu na kwake, vimesimama vizuri hata wewe ungesifu, na wewe husifu. Masunga akaja kutazama, mikono nyuma.

"Haya ndiyo nini?"

"Masale. Huko kwetu mtu akiyaona anajua mwisho wake ni hapo. Anaona haya kupita."

"Umemwambia mbwa?"

Nikaendelea kushindilia udongo. Na lile jambo jingine la isale, unalolijua wewe na kila aliyezaliwa milimani, sikumwambia. Nani atamfundisha mtu namna ya kukushinda? Wakati huo Bwana Shamba alikuwa anakagua mstari, akafika isale la kwanza, akainua mguu.

Tetea akataga tena. Mbwa akala tena. Nikasema sasa basi, nikapeleka shauri kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Nakijwa. Huyo ni mtu wa milimani kwetu, wa Mhezi, anasikiliza akiwa anachambua maharage, na maharage yakiisha shauri limeisha. Jumapili baada ya ibada tukakaa uani kwake, nusu ya mstari wetu wamekuja, wengi wao watu wa kwetu. Nilieleza vizuri, Elieza. Nilieleza mpaka wanawake wakamhurumia kuku. Nikasema nataka mbwa aondoke kijijini, au auawe. Mama Nakijwa akaitikia kwa kichwa taratibu, upande wangu. Nilikuwa nimeshashinda.

Ndipo Masunga akaingia, amechelewa, jasho tele, anamvuta Bwana Shamba. Kamba ilikuwa imekatika njiani hapo kwangu. Naye, mtu wa watu, akang'oa majani kwenye mstari wangu, akayasokota, akamfunga nayo mbwa shingoni. Akanijia moja kwa moja, akaninyooshea mkono wenye yale majani mbele ya watu wote.

"Mzee, huyu hapa. Mshike wewe mwenyewe, useme naye."

Mama Nakijwa akaacha maharage.

"Baba, umeona alichoshika?"

"Nimeona majani yangu. Ameyaiba."

"Nimekuuliza umeona alichoshika?"

"Mama balozi, huyu ni mtu wa Shinyanga. Hajui kama isale ni la kuombea msamaha. Kwake ni kamba."

"Yeye hajui. Wewe?"

Kila mzee wa kwetu pale alikuwa ananitazama. Ungekuwepo ungenitazama hivyo hivyo, na cheko lako ukilibana. Ningefanyaje? Mimi ndiye niliyeyaleta masale kijijini yaseme kwa niaba yangu. Siwezi kuyaambia yaseme pale penye mpaka tu, kisha nikayaziba mdomo. Tangu baba na babu, isale likiletwa mkononi hatujalikataa sisi. Nikalipokea. Watu wakashusha pumzi, Mama Nakijwa akaokota ungo wake.

Ila lile isale lilikuwa na mbwa upande wa pili. Masunga alipoona nimeshika, akapiga makofi, akashukuru, akaenda zake. Alidhani nimekubali kukaa naye.

Jioni nikamfuata nikamweleza alichofanya.

"Kwa hiyo nilikuomba msamaha?"

"Mbele ya watu."

"Mbona sikujua?"

"Ndiyo maana uliomba vizuri."

Hakucheka. Akaniuliza yule tetea alikuwa wa nani hata nikataka mbwa afe. Nikamwambia. Kesho yake akaja na tenga alilolisuka mwenyewe, akalining'iniza juu jikoni kwangu, na tetea analala humo kama chifu. Mchana Bwana Shamba anashinda kwangu, analitazama tenga, analamba midomo, hafiki. Usiku yuko kwenye mahindi yetu sote. Kwa hiyo unaona, kumshinda nimemshinda, ni vile tu hajaambiwa.

Nisalimie shemeji, umwambie ugoro wake ndio unaonifikisha jioni. Shangazi yetu wa kule juu msalimie kwa sauti kubwa, na mwinjilisti mwambie bado nasali, asinifute.

Sasa nisikilize. Siku ile ya msaragambo, kijiji kizima tukichimba mfereji, ulipokuwa unamchumbia shemeji, sehemu yako niliichimba mimi na matope yakanifika kiunoni. Ulisema, "Kaka, hili nitakulipa." Bado nasubiri. Tetea wa kwanza wa marehemu mke wangu mlipewa ninyi mlipooana, na kizazi chake kiko uani kwako. Huyu wangu anazeeka, na jogoo wa hapa ni wale weupe wa mradi wa kijiji, siwataki. Nipe jogoo mmoja wa kishingo. Mpe mtu anayeshuka Same siku ya gulio, atanipandishia basini. Mfunge miguu kwa kamba ya mgomba. Usimfunge kwa isale, mdogo wangu. Huku nimeshasamehe vya kutosha.

Ni mimi kaka yako,
Zefania