Uji Niliomwaga na Vidonge vya Baba

Majimbo, Embu

Mama yangu,

Kabla ya salamu, wacha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine. Mama mkwe wa Dada Makena huja kila asubuhi na kibuyu cha uji uliochachuka, ili Dada apate maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Uji huo nimeumwaga chooni mara mbili. Mara ya kwanza nilichungulia mlangoni kwanza, mara ya pili sikuchungulia. Najua kumwaga uji ulioletewa mzazi ni tusi kubwa. Soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Sasa salamu. Mguu wa Baba unaendeleaje na baridi ya Githongo? Kahawa imeanza kuiva? Mimi ni mzima. Ningepiga simu, lakini wewe huweka sauti juu na jikoni hamkosi watu, nami maneno hunikwama. Barua hii ataileta Mwalimu Kirimi, anayerudi huko leo.

Ulipotuacha hapa baada ya Dada kujifungua kwa kupasuliwa, mtoto alikuwa akilia vizuri. Kisha akaanza kulala. Alilala akinyonya, alilala hata akioshwa. Dada akasema, "Ni mtoto mpole, tushukuru." Mimi sikushukuru. Nilianza kutazama mikono ya kila anayeingia. Nikakumbuka yale ambayo wanawake wa kwetu husema, kwamba aliyeolewa mbali achunguze anachopewa na wakwe. Mtoto amebeba jina la mama mkwe huyo, Wanja, na bado nilimshuku. Siku moja alinikuta nikinusa kibuyu.

"Wewe msichana wa Meru," akasema, "unanichunguza kama askari wa soko. Si uonje?"

Nikasema nimeshiba. Alipotoka nikaumwaga, na Dada nikamwambia uji umeharibika. Lakini siku hizo ambazo Dada hakuonja uji, mtoto alizidi kulala.

Aliyeshtuka wa kwanza alikuwa mama mkwe mwenyewe. Alimchukua Wanja, akamkuna nyayo ili aamke anyonye. Kichwa kikaanguka upande.

"Makena, huyu halali. Huyu amelegea. Unakunywa dawa gani?"

"Ya kidonda na mgongo tu, Mama."

"Ilete. Tunaenda nayo hospitali sasa hivi."

Mbele ya daktari, Dada akatoa kikopo kidogo cha mafuta ya kujipaka. Mama, nilikijua kabla hajakifungua. Ni kile ulichowekea vidonge vya Baba alipovunjika mguu. Daktari, mama wa makamo, alivigeuza kiganjani, akasoma alama zake, akauliza vilitoka wapi. Dada akatazama chini, akasema alivinunua mjini. Hakutaka kukutaja mbele ya mkwe wake.

"Hii ni dawa kali ya maumivu," daktari akasema. "Inapita kwenye maziwa. Mtu mzima inamtuliza, lakini mtoto mchanga inaweza kumzuia hata kupumua."

Wakamlaza Wanja, wakawa wanaangalia kifua chake kinavyopanda na kushuka. Mimi na mama mkwe tulikaa benchi moja. Mtoto alipolia hatimaye, kwa hasira kama mtu aliyeibiwa, mama mkwe alijifunika uso kwa leso.

Dada alipewa dawa nyingine inayomfaa anayenyonyesha. "Usiache kunyonyesha," daktari akamwambia, "wala usiogope kila dawa. Lakini ukienda kutafuta dawa, kabla hujasema unaumwa wapi, sema unanyonyesha. Na dawa ya mtu mwingine si unga wa kuazimana."

Tulipofika nyumbani Dada alinivuta kando. "Usimwambie Mama. Atajilaumu mpaka augue." Nikakubali. Lakini juzi ulimwambia kwenye simu kwamba vidonge vilivyobaki umemwekea Kagendo, mke wa kaka, akijifungua avitumie. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu, na Dada akajibu tu, "Sawa, Mama." Mimi siwezi kusema sawa. Nimemngoja akupigie tena, hajapiga.

Nakuomba, Mama, uvitoe vyote pale ulipoviweka, uvipeleke kliniki wavitupe wao. Kagendo akiumwa, aulize huko. Najua ulitoa kwa upendo, maana Dada alikuwa akilia kwa maumivu na wewe ulikuwa na kitu kilichomsaidia Baba. Hata mimi ningempa.

Leo asubuhi mama mkwe amekuja na kibuyu. Amemimina kikombe, akanywa yeye kwanza akinitazama, kisha akanijazia changu. "Haya, askari, kunywa." Nimekunywa mpaka chini. Nashuku anajua ule mwingine ulikokwenda. Sijathubutu kumuuliza.

Msalimie Baba. Msalimie Nyanya, umwambie Wanja sasa ananyonya mpaka anasahau kupumzika. Kagendo mpe salamu zangu, na ukimweleza kuhusu vidonge, sema tu daktari amekataza. Usimtaje Dada, wala mimi.

Habari ya uji, ya kikopo, na ya kwamba nimekuandikia, ibaki kwako peke yako. Ukishasoma, itie barua hii motoni kabla hujaita mtu kuja kula.

Binti yako,
Kendi