Dawa Isigande

Jumatatu, 9 Machi

Stima imepotea tena. Mara ya tatu tangu Ijumaa. Nimeamkia kipimajoto cha friji ya dawa, hata chai sijaonja. Kala-azar, homa ya usubi inayovimbisha wengu, imelipuka, na hapa Rongai tuna wagonjwa wanne wodini. Watatu watatibiwa kwa sindano za kawaida. Mama Chebet hapana. Figo zake zimechoka, sindano hizo zitammaliza. Yake ni hii mpya, dawa iliyofungwa ndani ya vichembe vya mafuta vidogo mno, hata darubini yetu haivioni. Vinaipeleka moja kwa moja kwenye wengu, ugonjwa ulikojificha, na figo zinaachwa kwa amani. Boksi ni moja tu. Ikae nyuzi mbili hadi nane, isigande.

Jumanne, 10 Machi

Jenereta haina dizeli. Bosi anasema tuvumilie. Kwani dawa inajua kuvumilia? Nimebeba boksi hadi kwa Mzee Koech, msimamizi wa kituo cha kupozea maziwa. Maziwa yake hukaa nyuzi nne, na jenereta yake haijawahi kulala njaa. Nikamwambia dawa ikae baridi. Nikakimbia wodini.

Jumatano, 11 Machi

Aki nitalia. Koech ameihamishia kwenye friza ya bucha yake, pale kando. Kwa heshima! "Daktari, dawa ya maana haiwezi kulala na maziwa. Nimeipa baridi ya kweli."

Imeganda jiwe. Vichembe vikiganda vinapasuka, dawa inamwagika ovyo mwilini, inafika kwa figo. Nimemfokea mzee wa watu mbele ya wateja wake. Kisha nikakumbuka. Sikumwambia isigande. Ni mimi na haraka zangu.

Bosi: "Si iyeyuke tu, tumdunge?" Nimekataa. Amenuna. Anune.

Alhamisi, 12 Machi

Tumbo la Mama Chebet limefura, homa haishuki. Nimemwambia mumewe ukweli wote. Akarudi kumpangusa mkewe jasho. Afadhali angenitukana.

Nimepiga simu Nakuru mpaka nikapata boksi lingine. Gari letu? Bovu, kama kawaida. Koech ameenda mwenyewe na pikapu ya maziwa, kipimajoto changu kwenye mfuko wa shati. Saa nane mchana tumeanza kumpa dawa yake.

Jumatatu, 16 Machi

Siku ya tano ya dawa. Dozi zilizobaki ziko kwa Koech, maana stima ni ile ile. Hunipigia kila saa kunisomea nyuzi. Inakera. Napokea.

Leo Mama Chebet ameomba maziwa. Nikamwambia Koech alipopiga. Nikasikia akienda kusoma kipimajoto tena.

"Ni nyuzi nne, daktari," akasema.