Weusi wa Sarafu ya Sidoni

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Polisi wa Kichina tena mtaa wa Guangyuan Xilu, wanakagua pasipoti mlangoni mwa soko la jumla. Visa ninayo, nikapita. Dalila hana — yake imeisha tangu Mei. Wiki ya tatu hatoki chumbani mwetu. Mwanamke wa Unguja aliyezoea kutamba sokoni, leo anachungulia pazia!

Ameamua kurudi kwao. Akijipeleka mwenyewe polisi, atalipa faini, atapanda ndege. Akikamatwa, mahabusu. Kilichobaki cha kuuza ni sarafu ya fedha aliyoachiwa na marehemu mumewe, Mlebanoni.

Jumatano, 5 Agosti

Nimemwonyesha mzee Nasri picha kwenye simu. Mlebanoni pia, anakusanya sarafu za kale. Uso ukamchangamka! Ni ya Sidoni, akasema — Sidoni ileile ya kwenye Biblia. Walitawaliwa na mfalme wa Uajemi, ila waliachiwa wapige sarafu zao: upande huu merikebu yao, upande ule mfalme kwenye gari la farasi. Nikacheka. Kumbe kuishi kwa kibali cha mkubwa hakukuanza na sisi!

Ataichukua. Bei inatosha faini na tiketi. Niipeleke kesho.

Alhamisi, 6 Agosti

Mjinga mimi. Mjinga!

Asubuhi Dalila kanikabidhi sarafu; niliiona nyeusi tii, nikaona aibu. Miaka minane nauza nguo — kitu kisichong'aa mteja hakigusi. Nikaisugua kwa stiliwaya na dawa ya meno mpaka makasia yakameremeta. Nikajisifu hata!

Mzee Nasri aliishika, akaigeuza pande zote. Weusi ule, akasema, ndio miaka yake elfu mbili na mia nne. Nimeikwangua yote, na uso wa mfalme juu yake. Nikambembeleza. Akanirudishia: "Bu yao." Sitaki — neno tunalowatupia wauzaji kutwa, leo nimetupiwa mimi.

Mdomo huu unaouliza bei ya kila kifungo, kwa nini haukuuliza hili?

Ijumaa, 7 Agosti

Jana nilimdanganya Dalila kwamba mzee hakuwepo. Leo nimeamka niseme. Nikamkuta ameshafunga sanduku, kavaa buibui, kampigia mama yake kwamba anakuja. Anataka tupitie kwa mzee, kisha ajipeleke polisi.

Akaomba aiage sarafu. Nikampa.

"Shoga yangu, umeing'arisha! Mashaallah! Sasa si atazidisha?"

Akanikumbatia. Nimekaa kitandani, nasingizia kuandika orodha ya mzigo. Yuko mlangoni, ameshavaa viatu. Ananiita, niache kalamu, twende —