Mpiga Chelo wa Chumba cha Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Nimenyang'anywa chumba. Baba mkwe kaja na sanduku, redio, na bandeji machoni. Macho yote mawili. Alikuwa anapaka chokaa dari ya nyumba yake, peke yake, kasimama juu ya meza, uso juu, mdomo wazi kwa bidii. Ndoo haina adabu. Daktari kasema bandeji zisitoke mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, na mzee asiachwe peke yake.

Tangu mama mkwe afariki, miaka minne sasa, mzee hajalala nje ya nyumba yake. Hacheki. Hatembelei mtu. Mke wangu kamleta karibu kwa kumbeba.

Sasa, chumba cha wageni ndimo ninamotengenezea muziki wangu. Tableti, spika mbili, kiti. Mchana nachapa kadi za harusi na mabango dukani kwa watu. Jioni nina okestra nzima — fidla, filimbi, tarumbeta, ngoma kubwa — vyote vimo ndani ya kioo, naviamuru kwa kidole. Leo nimehamishiwa sebuleni, ukuta kwa ukuta na kitanda cha mzee.

Ananiita Bwana Kadi. Alikuwa mwalimu mkuu. Kwake mtu anayechapa kadi ni mwanafunzi aliyefeli akakua.

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya kosa. Au mdomo wangu ndio uliofanya.

Headphone zimekufa upande mmoja, na ukisikiliza nusu ya okestra utatunga kama una nusu ya akili. Kwa hiyo nikatumia spika, sauti chini. Sehemu ya pili ya wimbo wangu, ile ya polepole. Mlango ukafunguka. Mzee akatoka akipapasa ukuta, akasimama katikati ya sebule, akavua kofia.

"Hamjambo, vijana," akasema.

Nikamjibu: hawajambo.

Kwa nini nilisema "hawajambo"? Sijui! Akauliza wako wangapi. Nikataja idadi iliyoandikwa kwenye programu: kama sitini hivi, baba. Ni kweli kabisa, imeandikwa. Akatikisa kichwa, akanilaumu kwamba ningemwambia mapema tuna wageni, angevaa shati.

Nikakimbilia jikoni. Mke wangu alikuwa na mwiko mkononi. Nikamwambia kesho asubuhi namweleza mzee ukweli. Akaniambia hajamsikia baba yake akisalimia watu tangu siku ya mazishi. Kisha akaunyoosha ule mwiko.

"Ukimwambia ni tableti, utalala huko huko na hao sitini wako."

Alhamisi, 6 Machi

Mzee kajipa usimamizi. Nikirudi tu kazini, kashakaa mlangoni pa chumba chake na fimbo, anawangoja vijana.

Anawasifu. Anasema wanaingia bila kishindo, maana yake wanavua viatu nje. Hawakohoi. Hawanuki jasho. Kaniambia wazi: hawa si kama ndugu zako. Kinachomkera ni kimoja tu, hawaitikii salamu. Mke wangu kamweleza kwamba mpiga filimbi hawezi kutoa filimbi mdomoni kila mtu akipita. Na wa fidla je? Hao wana haya, baba.

Leo kamwona — kamsikia — mpiga ngoma kachelewa. Na kweli! Ngoma ilikuwa nyuma kidogo ya wenzake, kosa langu, kidole kiliteleza. Nikaisogeza. Mzee akasema unaona, kijana akikanywa mapema hunyooka. Kisha akaamuru tarumbeta la tatu litoke nje kwa kupiga kelele. Nikalizima. Akasikiliza tena. Akaridhika.

Kinachoniuma ni kwamba wimbo umekuwa mzuri zaidi bila hilo tarumbeta.

Halafu chai. Hawezi kuona watu wanafanya kazi bila chai. Mke wangu kaleta vikombe vyote tulivyo navyo, akavigonganisha, akakoroga kimoja kwa niaba ya vyote. Tulikunywa wawili mpaka tumbo likawa linaita. Mzee akauliza mbona hakuna anayeshukuru. Mke wangu akasema "ahsante" kwa sauti nne tofauti.

Ijumaa, 7 Machi

Dukani nimechapa kadi mia tatu za harusi zinazosema "Tunayo fidla kuwaalika". Badala ya furaha. Bosi hakucheka.

Jumapili, 9 Machi

Sijui niandikeje hili.

Mchana, mke wangu anafua, mzee kaniita kando. Kando ya nani? Ya wale sitini. Kaniongoza yeye mimi, na bandeji zake, mpaka varanda ya nyuma, kwenye ndoo za nguo. Akauliza kuhusu mmoja wao. Yule mwenye sauti nzito, ya kike, anayeingia filimbi zikinyamaza.

Nikamwambia kile chombo kinaitwa chelo, ni kama fidla iliyozidi kukua, mpigaji hukaa kitini na kukiweka kati ya magoti.

"Sikuulizi chombo," akasema. "Nauliza mtu."

Akaniambia anapiga kama mtu aliyewahi kuzika. Wengine wote wanapiga vizuri, lakini huyu anajua. Kila jioni mzee anamngoja huyo tu. Wale wengine anawavumilia. Kisha akauliza, taratibu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani: ameolewa?

Nikasema sijui. Nalo ni kweli!

Anataka kutambulishwa kwake. Na anataka iwe kabla bandeji hazijatoka, ili mwanamke asije akadhani kafuata sura. Mambo yakienda vizuri, atatafuta watu wa kupeleka posa kwa heshima. Akaniomba nimnyoe.

Nikamnyoa. Huyu mzee hajawahi kuniomba hata chumvi mezani.

Nikamweleza mke wangu. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaziba uso kwa taulo bichi, mabega yakawa yanacheza. Sikujua analia au anacheka. Nilipomwuliza akasema hata yeye hajui.

Nitaandika na hili, maana hapa hakuna anayesoma. Nina wivu. Wimbo nimeutunga mimi! Miezi saba! Hakuna aliyeuliza mtunzi ni nani. Mzee kapenda chelo.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu ana mpango. Jirani wa ghorofa ya juu, nesi mstaafu, mjane, mcheshi, ana mikono laini. Aje ajifanye ndiye mpiga chelo, aongee na mzee kidogo, kisha akatae kwa upole. Mzee ataumia kidogo, atapona, yataisha.

Nesi kakubali kabla hatujamaliza sentensi. Kauliza tu kama aje na kile kidude chenyewe. Nikamwambia hapana.

Jumanne, 11 Machi

Kaja na manukato ya kutosha sitini wote.

Mzee alisimama kumpokea, tai shingoni. Akamwuliza jambo moja: anapopiga ile sehemu ya polepole, huwa anawaza nini?

"Nyonga, mwalimu," akasema nesi. "Kukaa vile kunaumiza nyonga, we acha tu."

Kutoka nyonga akaenda kwenye sindano, kutoka sindano akafika kwa wapangaji wenzake, kutoka wapangaji akafika kwenye maji yanayokatika asubuhi. Mke wangu alimkonyeza mpaka akachoka jicho. Mzee alisikiliza yote kwa adabu, akamshukuru, akamsindikiza mpaka kwenye kabati akidhani ni mlango.

Alipoondoka, mzee akaniambia ni mama mzuri sana, lakini siye. Anayepiga vile hawezi kuongea vile. Na la kumsikitisha zaidi, yule mwenyewe alikuwemo humu humu chumbani muda wote, kasikia kila kitu. Akanitaka nimwombe radhi.

Nifanyeje? Nikazima vyombo vyote, nikaiacha chelo peke yake. Ikapiga. Mzee kainamisha kichwa mpaka mwisho.

Akasema amesamehewa.

Jumatano, 12 Machi

Keshokutwa bandeji zinatoka. Mke wangu hali. Mimi nakula kwa niaba yake.

Ijumaa, 14 Machi

Zimetoka. Macho mekundu, lakini yanaona. Mzee alimtazama binti yake kwanza, muda mrefu, akamwambia amekonda. Kisha akataka kurudi nyumbani upesi. Kwetu, siyo kwake.

Akabadilisha shati. Akafunga tai mwenyewe mbele ya kioo. Akaja sebuleni.

Tableti juu ya stuli. Spika mbili. Mimi.

Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikanitoroka yote. Nikasema: "Baba, ni hiki." Nikagusa. Okestra ikaanza. Mzee akaitazama tableti. Akatazama nyuma yake. Akaenda kufunua pazia. Akainama, akaweka kiganja mbele ya spika, kama mtu anayepima pumzi ya mgonjwa. Filimbi zikanyamaza, chelo ikaingia. Akaondoa mkono.

Akaniomba nizime. Akaingia chumbani, akafunga kwa ufunguo.

Mke wangu haongei nami. Nesi kashuka kuuliza kama bado yumo kwenye okestra.

Jumamosi, 15 Machi

Mzee katoka wakati wa chai. Akakaa. Akataka maelezo, yote, bila kurembwa.

Nikamweleza. Kwamba mashine haikubuni ile sauti. Kuna mtu alikaa mbele ya maikrofoni, mahali fulani, akapiga noti moja. Akaacha. Akapiga nyingine. Kwa nguvu, kwa upole, fupi, ndefu, kila noti ya chelo peke yake, akarekodiwa. Mimi naziokota na kuzipanga.

"Kwa hiyo ni mtu," akasema.

"Ni mtu, baba."

"Na wimbo huu aliupiga?"

"Hapana. Alipiga noti tu. Wimbo nimeupanga mimi."

Akanitazama. Nadhani ni mara ya kwanza kunitazama, ukiacha siku ya posa. Akauliza nilipokuwa napanga ile sehemu ya polepole nilikuwa namwaza nani. Ningeweza kumtaja mama mkwe! Mke wangu alinitazama kwa macho ya kuniambia nimtaje. Nikashindwa. Nikasema nilikuwa dukani, namngoja fundi wa mashine ya kuchapa, na nilikuwa na njaa.

Mzee akazungusha kikombe.

"Hata hivyo," akasema. "Huyo mtu kasema jambo zito kiasi hiki, na hajui kama kalisema."

Hajui, baba.

"Basi lazima aambiwe. Andika."

Nikaandika. Yeye akinitajia maneno kwa sauti ya paredi ya asubuhi shuleni, mimi nikiyatafsiri kwa Kiingereza. Ujumbe kwa wenye programu, mwanzo wake: "Kwa Mkuu wa Okestra Iliyomo Kiooni." Alinisahihisha nukta mbili. Suala la posa halikutajwa, ila aliuliza kama ni vibaya kuulizia hali ya ndoa. Nikasema tusubiri.

Jumatano, 19 Machi

Hakuna jibu. Mzee kila saa: wamejibu? Daktari kamruhusu kurudi kwake. Mzee kasema macho bado yanawasha. Hayawashi. Nimemwona anasoma maandishi madogo ya boksi la dawa.

Jumatatu, 24 Machi

Wamejibu! Kwa heshima kubwa. Hawajawahi kupokea ujumbe kama ule. Wamemtafuta mpiga chelo, wamempata, ameruhusu tupewe namba yake.

Ni mwanamume.

Ni babu, ana upara, kaacha muziki, vidole vimekakamaa. Siku hizi anafuga kuku.

Mke wangu kasema nimwambie mimi, kwa kuwa chelo ni yangu. Nilimkuta mzee varandani ananyoa ndevu. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, nikamalizia na kuku, nikidhani wataweka jambo sawa.

Akauweka wembe chini. Povu shavu moja. Kisha kitu kikamtoka kifuani kama mlango uliokwama unaofunguliwa kwa bega. Mke wangu alikuja mbio, kashika sufuria, akidhani baba yake kapatwa na mshtuko wa moyo. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nilinyolewa!" akawa anasema. "Nilinyolewa kwa ajili yake!"

Nesi kashuka kuuliza kuna nini. Akaambiwa. Sasa tunacheka wanne.

Mwisho mzee akajifuta macho, akasema sawa. Ni babu. Lakini bado hajui alichokisema. Akauliza: simu tunampigia lini?

Alhamisi, 27 Machi

Simu ya video, kupitia tableti. Mzee kavaa tai. Mke wangu pembeni. Nesi kaja bila kualikwa, kakaa.

Babu akatokea. Kweli, upara. Sweta. Nyuma yake jiko na dirisha. Mzee akamsalimia kwa Kiingereza chake cha darasani. Babu akajibu kwa cha kwake, kibovu zaidi. Wakaulizana hali. Mzee akamwuliza familia. Babu akainua kidole cha pete, akakipungia hewani, akaonyesha juu, kule mbinguni. Mzee akainua cha kwake. Akaonyesha juu vilevile. Mimi sikujua niangalie wapi.

Nikapiga wimbo kutoka kwenye simu ya mke wangu, nimeisogeza karibu na tableti. Sehemu ya polepole. Filimbi zikanyamaza. Chelo ikaingia.

Babu mwanzo alikuwa anatabasamu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto asiyemjua. Kisha tabasamu likaondoka. Akasogea mpaka sikio lake likajaza skrini yote. Sikio tu, kubwa, na nywele zake. Mzee akawa anaongea na hilo sikio polepole, neno moja moja: huyu ni wewe. Wewe. Umesikia?

Wimbo ukaisha. Babu akarudi nyuma. Akatikisa kichwa: hapana, hapana. Sikuelewa hapana gani. Akasema kitu kwa lugha yake, akatuinulia kiganja, akaondoka.

Kiti kitupu. Kuku wanasikika.

Mke wangu ananinong'oneza kwamba tumemuudhi mzee wa watu, tukate. Nesi anasema kaenda haja. Bando linakaribia kwisha. Nimenyoosha kidole kuzima, baba mkwe kanishika mkono. Kausukuma pembeni, hajauachia. Naandika kwa huu mwingine wa kushoto, vibaya, haujazoea.

"Asiguse mtu," kasema. "Tunangoja."

Tunangoja. Kuna mlango umefunguliwa kule kwao. Kuku wamenyamaza. Kuna kitu kizito kinaburutwa sakafuni, kinakuja —