Mke Wangu Anataka Linux Ile Ile, Mimi Nataka Kumwekea Mpya

Shikamoo Mama Elisifa. Nakuandikia kutoka kambi ya wakata miwa huku tambarare chini ya Moshi, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na masizi ya shamba bado yapo shingoni, kwa hiyo ukiona karatasi ina alama nyeusi usidhani ni dharau. Naitwa Urbanus, kwetu ni Mbinga, huku nimeletwa na kazi. Darasa la saba sikulimaliza, lakini nikwambie mapema kwamba kichwa changu si kibovu na jambo ninalolileta nalijua vizuri, ninachotaka ni uniunge mkono, maana mke wangu Avelina anakusoma kwenye simu na neno lako analisikia kuliko langu.

Mimi na yeye tuna kompyuta moja ya mtumba, ile ya kubeba, niliinunua Moshi mjini. Ilikuja na Windows, ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi bado inafikiri. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Marangu anaitwa Godlove, ana kibanda mjini, akaigeuzageuza akasema, "Mbe," maana ndivyo Wachaga wanavyomwita mwanamume mwenzao, "hii mashine si mbovu, imebebeshwa mzigo mkubwa tu, tuiwekee Linux." Linux ni mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na ina ndugu wengi ambao mafundi wanawaita distro, kila mmoja na sura yake na tabia yake. Sisi alituwekea Mint. Nikaipeleka nyumbani, Avelina akafungua chumba kando ya barabara karibu na parokia, akaweka na printa, akawa anawachapia watu barua, fomu za kijiji, mialiko ya harusi. Akaizoea, Mama, akawa anajua kila kitu kilipo kama anavyojua chumvi ilipo jikoni kwake.

Mimi huku Jumapili baada ya misa nakwenda kwa Godlove, yeye anafungua mashine za watu na mimi najifunza kwenye kompyuta moja chakavu aliyoiweka pembeni. Nimeshaweka Ubuntu, nimeweka Debian, nimeweka Fedora, naandika amri kwenye kile kidirisha cheusi na mkono hautetemeki. Nisikufiche, inanipa raha. Kazi yetu haina kitu cha kuchagua, mstari wa miwa unapewa, panga unapewa, hata saa ya kunywa maji unapewa, lakini kwenye flashi yangu nina Linux za kila namna na anayechagua ni mimi.

Sasa likizo iliyopita nilikwenda nyumbani nikakuta kitanda kimehamishiwa upande wa dirishani, mbuzi wana majina nisiyoyajua, na mtoto wetu wa mwisho, Eva, ananiamkia, "Shikamoo baba, karibu." Karibu! Kwangu! Nikakaa siku zile nazungukazunguka, nikishika jembe naambiwa pale tumeshalima, nikitaka kurekebisha mlango naambiwa mjomba alishaurekebisha. Siku ya mwisho Avelina akaenda kwenye shamba la kahawa, nikaona hapa ndipo pa kumfanyia mke wangu jambo, nikaiondoa Mint nikaweka Fedora, nzuri, ya kisasa, inang'aa. Katikati ikaniuliza kama nataka kufuta diski yote au kubakiza vilivyomo. Nikabonyeza futa yote. Sisi huku hatukati muwa kabla ya kuchoma, moto unapita kwanza, majani makavu na nyoka vinaondoka, halafu ndiyo panga linaingia, na msimu unaofuata shina lile lile linachipua. Nikajua kazi safi inaanza na moto. Alfajiri nikapanda basi.

Nilikuwa nimeshafika Moshi simu ikaita.

"Baba Eva, kadi za kipaimara ziko wapi?"

"Zipo, angalia vizuri."

"Niangalie wapi? Hata pa kubonyeza sipaoni. Na printa imenyamaza. Watu wamekaa benchi wananitazama."

"Hiyo ni mpya, ni nzuri kuliko ile. Izoee tu."

"Nilikuwa nimeizoea. Wewe ndiye hukuizoea."

Akakata. Mama, siku chache baadaye napigiwa simu na watu wa basi nina mzigo, nakwenda, nakuta kompyuta imefungwa kwenye khanga na waya wake. Nikampigia, akasema, "Irudishe kama ilivyokuwa. Ikishindikana baki nayo huko, mimi narudi shambani, chumba nitawaachia wanaouza mkaa." Na kinachombana ni kwamba askofu anakuja parokiani kwetu kutoa kipaimara, paroko amempa Avelina kazi yote ya kadi na majina, na alikuwa ameshaziandaa. Asipopata mashine mapema kazi inakwenda kwa watu wa mjini, na paroko hatamwita tena.

Ushauri wa huku ninao mwingi. Isack, dereva wa trekta hapa kambini, yeye ni mtu wa Sanya Juu, ananicheka, "Wewe Mngoni umeanza ulevi wa ajabu, wenzako wanakunywa mbege, wewe unakunywa Linux. Piga windo ya kuchonga, mpelekee mama, yaishe." Mimi ni Mmatengo, nimechoka kumsahihisha. Nikamwambia windo ya kuchonga, yaani Windows ya wizi isiyolipiwa, sitaki, watu wanamletea mke wangu flashi zimejaa virusi, siku moja ataamka hana kitu. Hapo najua nimesema kweli. Godlove anasema nirudishe Mint. Lakini mimi nimeona mbali zaidi, nataka kumwekea Arch, ile unayoijenga mwenyewe tofali kwa tofali, unaweka anachohitaji tu, inakuwa nyepesi kabisa. Godlove akanitazama, "Mbe, Arch ni kama ng'ombe wa maziwa wa ndani, anataka kuangaliwa kila siku. Wewe upo huku. Nani atamkatia majani?" Nikamwambia nitamwelekeza kwa simu.

Flashi iko tayari, Jumapili hii naanza. Naomba tu umwambie Avelina aniamini. Mtu asiyejua kompyuta anawezaje kumchagulia anayejua?

Urbanus, kambini.

MAMA ELISIFA ANAJIBU

Marahaba, Urbanus. Masizi nimeyaona, na dharau sikuiona. Lakini Jumapili hii usianze kitu chochote. Na kompyuta hiyo usiiwashe tena, hata kwa kuangalia.

Nimekaa na fundi wetu hapa ofisini nikamsomea barua yako, akashika kichwa. Anasema kwenye diski za zamani kama hiyo, faili lililofutwa huwa haliondoki lote papo hapo. Mengine hubaki chini mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Fedora yako imeshakanyaga baadhi. Bahati yako ni kwamba Avelina aliifunga kwa hasira kabla hajaandika vingine. Hiyo Arch unayotaka kuijenga tofali kwa tofali, kila tofali lingekalia kadi ya mtoto wa kipaimara. Kwa hiyo mpelekee Godlove kesho, mwombe afukue kinachofukulika, akihifadhi kwenye diski nyingine. Sikuahidi kwamba vyote vitapatikana. Visivyopatikana, chukua simu, umwombe Avelina akutajie majina, na wewe unayejua kompyuta uyaandike upya.

Umesema unachoma ndipo unakata. Sawa. Mwenye shamba anaruhusu moto kwa sababu shina liko ardhini na anajua liko wapi. Wewe ulichoma bila kuuliza shina liko wapi. Diski haina udongo, baba. Kinachobaki ni kile ulichokitenga kabla ya kuwasha kiberiti.

Sasa utaniuliza ni ipi. Irudishe Mint, yenye sura ile ile aliyoizoea, toleo linalosaidiwa kwa miaka. Si kwa sababu Fedora ni mbaya au Arch ni mbaya. Hiyo ni mifumo mizuri kwa mtu anayeishi nayo. Wewe huishi na mashine hiyo. Anayeishi nayo ni mwanamke mwenye watu benchini, hana fundi jirani, na mtandao wake ni wa vocha. Distro nzuri kwake ni ile ambayo asubuhi akiiwasha inafanana na ya jana. Godlove amekwambia hivyo kwa mfano wa ng'ombe na ukamjibu kwa simu. Umewahi kumkamua ng'ombe kwa simu?

Mwambie Godlove aigawe diski, mafaili ya Avelina yakae sehemu yao peke yake, ili hata mfumo ukibadilishwa siku moja yasiguswe. Awashe na ile huduma ya Mint inayohifadhi hali ya mfumo, ikiharibika unairudisha ilipokuwa. Mwulize Avelina jina lililoandikwa kwenye printa yake, fundi aiandae kabla mashine haijapanda basi. Nunua flashi mbili tupu, umfungie humo humo kwenye khanga, kila Ijumaa anakili kazi zake. Na nenosiri la kubadilisha mambo aliweke yeye, alijue yeye. Wewe utafunguliwa akaunti ya mgeni.

Umekasirika? Subiri, sijamaliza.

Unauliza asiyejua anawezaje kumchagulia anayejua. Avelina anaijua kompyuta. Anaijua kwa kazi inayotoka kwenye printa, wewe unaijua kwa kinachozunguka ndani. Vyote ni kujua, ila chumba kile kinaendeshwa na kujua kwake. Na hapo kwenye windo ya kuchonga ulimjibu Isack vizuri sana, hilo nakupongeza. Kichwa chako kweli si kibovu. Ulichokosea ni kitu kingine, na umekiandika mwenyewe bila kukiona.

Ulifika kwako ukaambiwa karibu. Kitanda kimehama, shamba limelimwa, mlango umerekebishwa na mjomba. Ukatafuta kitu kimoja humo ndani ambacho wewe unakijua kuliko wao, ukakipata, ukakichoma. Nakuonea huruma, Urbanus, nimesoma hapo mara mbili. Wanaume wengi wa kambi zile wananiandikia jambo hilo hilo kwa namna nyingine, huyu kavunja ukuta, yule kauza mbuzi. Lakini nyumba iliyojifunza kusimama bila wewe haijakufukuza. Imesimama ili uikute. Mtoto aliyekwambia karibu amefundishwa na mama yake kwamba baba akija anapokelewa vizuri. Ulitaka afundishwe vipi?

Raha yako ya kuchagua usiiache. Mwombe Godlove akuuzie ile chakavu ya pembeni, weka Arch, weka unachotaka, ifute kila Jumapili ukipenda. Hiyo ni yako.

Ya Avelina itume mapema wiki ijayo, na ukishaituma mpigie, useme neno moja tu: nisamehe. Usiongeze maelezo ya Fedora.

Likizo ijayo ukifika, usikae kwenye kiti chake. Kaa benchini na wateja, zamu yako ikifika mwombe akuchapie karatasi yenye maneno haya: "Mashine hii haiguswi bila ruhusa ya Avelina." Ibandike ukutani kwa mkono wako. Halafu mlipe, kama watu wengine.