Baba, Nimeuchomoa Ukurasa Wako

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitakuja, lakini sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Tumemaliza msiba wiki iliyopita. Kaka zangu walichukua jembe na nyengo ya kufyekea, mimi nikapewa lile begi lako la kubebea karatasi ambalo kijiji kizima cha Ukata kilikutania nalo. Walisema mwanajeshi mstaafu amegeuka mganga wa mvua. Ulicheka nao, kisha ukaendelea kuwaomba saini za ile barua ya mvua. Wasiojua kuandika walichovya kidole kwenye masizi ya sufuria, maana wino wa kidole hatukuwa nao.

Mvua ni zile zile, baba. Zilinyamaza mwezi mzima, halafu zikashuka siku moja kwa hasira. Ngolo za mteremko wa juu, yale mashimo babu aliyokufundisha kuchimba ili yashike maji, zimebomoka. Mahindi yameshukia bondeni pamoja na udongo. Shangazi anasema kule Mbamba Bay ziwa limefika kwenye vichanja vya kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani. Nilisimama shambani nikakumbuka siku tuliyokaa hapo tukila viazi, ukinisimulia miaka yako ya kuendesha lori la mafuta jeshini. Ulisema, "Mwanangu, vita havingoji risasi. Vinaanza kuua kiwandani, kwa moshi." Nilikuwa mtoto, nikakuomba kiazi kingine.

Sasa nikwambie nililofanya. Ile barua yenu ya kusomwa Mbamba Bay, kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, ina kurasa tatu. Wa kwanza unaomba miche na msaada wa kurudisha ngolo. Wa pili ni wako, uliniandikisha ukiwa kitandani hujiwezi, nikawasomea wote waliokuja kutia kidole: kwamba wanaotengeneza mizinga na ndege za vita nao waulizwe habari za moshi wao, maana sisi tusio na hata manati ndio tunaobomokewa mashamba. Wa tatu ni vidole vya watu.

Bwana mmoja wa mradi wa miche aliisoma, akaniambia kwa upole, "Dada, hii ya silaha itawakosesha miche." Nikauchomoa ukurasa wako. Nikazibana upya zile mbili zilizobaki, bila kumwambia mtu. Nilijitetea moyoni kwamba mwenye njaa hachagui maneno. Uongo, baba. Niliogopa tu.

Jana Bibi Skola, jirani yetu, alinishika mkono njiani. Unakumbuka, mwanawe alikwenda jeshini na hakurudi. Akaniuliza, "Ile ya mizinga imo?" Nikamjibu imo. Akasema, "Basi baba yako amelala vizuri." Nimeshindwa kula tangu hapo.

Mkutano ni Jumatatu. Kesho baada ya misa nitasimama mbele ya wote waliotia kidole, niwaambie nilichowafanyia. Ukurasa wako utarudi mahali pake, na asiyeutaka atafuta kidole chake mwenyewe. Tukikosa miche, tutakosa. Nitausoma kwa sauti yangu, hata wakinicheka kama walivyokucheka wewe.

Lakini kabla ya misa nitapita kwa Bibi Skola, nimwambie yeye peke yake. Hajui kusoma, baba. Ndiyo maana niliweza kumdanganya.

Pumzika. Nakuomba usinisamehe kwanza, uningoje hadi kesho jioni.

Binti yako,
Teodora